Mafuta Yaliyokataa Kuwa Sabuni

Jumatano iliyopita tulimzika Kasereka, na mtu wa kwanza kupewa kipaza sauti alikuwa yule aliyemfukuza kazi. Matanga yalikuwa nyumbani kwake, mtaa wa Katoyi, chini ya hema la bluu lililofungwa upande mmoja kwenye ukuta wa mawe ya volkano na upande wa pili kwenye nguzo ya umeme. Direkta, maana bado tunamwita hivyo ingawa alistaafu zamani, alikaa safu ya mbele katika kiti pekee chenye sehemu ya kuegemeza mikono. Alisimama polepole, akakohoa, akasema marehemu alikuwa mtumishi mwaminifu wa ziwa, kijana wa Butembo aliyefanya Goma kuwa kwao. Kisha akatabasamu. "Hata kama," akasema, "sisi wote tulizoea kumuita Papa Mawese." Watu wakacheka kile kicheko cha chini cha msibani, kinachoomba ruhusa kabla ya kutoka. Wajukuu nao wakacheka. Jina hilo wamelisikia tangu wazaliwe, na wanadhani ni la mzee aliyependa mboga iliyoungwa vizuri. Mimi nilikuwa safu ya nne na sikucheka. Nilijua jina hilo lilizaliwa katika chumba gani, mbele ya nani, na kwa ushahidi wa mwandiko wa nani. Mwandiko ulikuwa wangu.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Lava ilikuwa imeshuka mjini miaka michache kabla, na Goma ilikuwa ikijijenga juu ya mawe meusi ambayo bado yalikuwa yanakula soli za viatu. Nilikuwa nimetoka kusoma kemia, nikapata nafasi katika kituo kimoja kidogo cha utafiti wa ziwa, kando ya barabara ya Sake, kabla ya kufika Lac Vert. Jengo lilikuwa ghala la kahawa zamani. Ukifungua mlango asubuhi bado ulinusa magunia. Labo ilikuwa chumba kimoja kirefu chenye meza ya saruji, dirisha moja linalotazama maji, friza iliyofungwa kamba kwa sababu mlango wake haukushika, na tanuri ndogo ya umeme tuliyoiita "four" kwa Kifaransa, yenye uwezo wa kupanda hadi digrii mia nne na hamsini. Kasereka alikuwa fundi wa labo. Mimi nilikuwa mwandishi wa kaye, yaani daftari la labo. Kila chupa iliyoingia, kila saa, kila kina cha maji, kila mkono uliogusa kitu, niliandika katika daftari gumu lenye jalada jekundu, kwa kalamu ya bluu, bila kufuta. Nilikuwa na mwandiko mzuri na niliujivunia. Leo nikiona mwanafunzi wangu anajivunia mwandiko, namtazama vibaya bila kutaka.

Kila mtoto wa Goma anajua kwamba chini ya ziwa letu kuna gesi ya methani. Lililokuwa halijulikani kwetu ni nani anayeila. Ziwa Kivu limegawanyika kama nyumba ya ghorofa: juu kuna hewa, kuna dagaa tunaowaita sambaza, kuna wavuvi; ukishuka mita hamsini, sitini, oksijeni inakwisha, na kutoka hapo hadi chini kabisa hakuna samaki, hakuna konokono, kuna giza na harufu ya yai bovu. Mwanzoni mwa mwaka ule alikuja daktari mwanamke kutoka Ulaya, akakaa nasi wiki tatu, akaacha swali moja na protokoli ya kurasa saba zilizobandikwa ukutani. Baharini, alisema, katika matope yasiyo na hewa, kuna vidudu vidogo vinavyokula methani pasipo oksijeni. Je, na hapa wapo? Huwezi kuwaona kirahisi, na wakifa wanaoza. Lakini mafuta ya ngozi yao hubaki. Ni mafuta ya namna yake, yamefungwa kwa fundo ambalo mafuta ya mmea au ya mnyama hayana, na kaboni iliyomo ni nyepesi kupita kawaida kwa sababu gesi waliyoila ni nyepesi. Ukiyapata na kuyapima, unajua nani alikuwa pale na alikula nini, kama mama anavyonusa shati la mwanawe na kujua mchana alikula wapi.

Shida ni kwamba mafuta hayo ni kidogo mno. Tulichuja ndoo nzima ya maji ya chini ili tupate kitu ambacho jicho halikioni, wakati kidole kimoja kilichoshika kikaango kina mafuta kushinda hayo. Kwa hiyo protokoli ilitaka kila kioo na kila karatasi ya alumini vichomwe ndani ya four, digrii mia nne na hamsini, masaa manane, mpaka kila alama ya mafuta iungue. Kasereka aliishika sheria hiyo kama Mkatoliki anavyoshika Kwaresima. "Kavira," aliniambia siku ya kwanza, "hapa shetani jina yake ni mafuta. Ya nywele, ya mwili, ya mboga. Ukipaka, usiingie." Nikaacha kupaka mafuta ya ngozi mwaka mzima. Kiangazi viwiko vyangu vilikuwa vyeupe kama nimeviegemeza kwenye unga, na wasichana wa mtaani wakaniuliza kama nyumbani kwetu sabuni tu ndiyo inayonunuliwa.

Nyuma ya ghala kulikuwa na jiko la Mama Sifa, mwanamke wa Masisi, mpana, mwenye sauti ya kuita ng'ombe kutoka mlima wa pili. Alitupikia fufu, sombe ya majani ya muhogo, sambaza za kukaanga, na kila kitu kilielea katika mawese mekundu. Wiki za kazi ya labo Kasereka hakuvigusa. Alikaa kwenye benchi na viazi vilivyochemshwa na chumvi kwenye karatasi.

"Leo tena viazi?" Mama Sifa alimwuliza. "Uko mugonjwa, ao bibi yako njo alikukataza mboga yangu?"

"Mboga yako haina shida, mama. Shida ni vidole."

"Ee! Vidole vya bwana mukubwa! Batu ba labo banaogopa mawese kuliko kipindupindu."

"Nikimaliza hii kazi utanipikia sombe, nitakula na sufuria."

"Utakuta nimekufa, utakula majani mabichi kama mbuzi."

Nayaandika maneno haya kwa sababu niliyasikia kwa masikio yangu, siku baada ya siku. Mtu huyu, ambaye amezikwa akiitwa Papa Mawese, ndiye mtu pekee niliyepata kumjua aliyekataa mawese kwa ajili ya kazi. Direkta naye alipita pale kila mchana kwenda kwenye gari lake. Naye aliyasikia.

Mama Sifa alikuwa pia anatengeneza sabuni. Mawese yaliyoharibika aliyamimina katika pipa lililokatwa katikati, akatia soda kali, akakoroga kwa mti mrefu huku uso ameugeuza pembeni. Kasereka alipenda kusimama pale. Ndipo aliponieleza kemia ambayo chuoni nilikuwa nimeikariri bila kuielewa. "Unaona? Mafuta ya kawaida ukiyapa soda yanaachana, yanakuwa sabuni, yanaenda na maji. Ya bale ba chini ya ziwa yanakataa. Unaweza kukoroga mpaka mukono ukatike. Fundo yao haifunguki." Mama Sifa akasema hayo si mafuta, huo ni ukoo wa mume wake.

Mwezi wa saba ilikuwa zamu ya sampuli kubwa. Boti lilikuwa la Jumamosi. Vioo vilipaswa kuchomwa kati ya Alhamisi na Ijumaa, na kwa kuwa umeme wa mji ulikuwa unakuja kama mgeni asiye na simu, tulitegemea gurupe, yaani jenereta ya kituo. Alhamisi asubuhi tulikuta sakafu yenye alama nne za miguu yake na doa la mazuti, yaani dizeli. Binti wa Direkta alikuwa anatolewa mahari Ijumaa, wageni wangekuja hadi kutoka Kiwanja na Butembo, na muziki ulihitaji umeme. Sina neno na sherehe ya mahari. Wakwe hawapokelewi gizani. Neno langu ni kwamba alikuwa na siku nyingi za kutuambia, na hakutuambia kwa sababu sisi hatukuwa watu wa kuambiwa.

Kasereka alimpigia simu mbele yangu, sauti ya simu ikiwa wazi. "Directeur, bila four hatuna vioo. Boti tuisogeze Jumamosi ijayo."

"Boti haisogezwe. Bazungu banangojea."

"Sasa tutachoma na nini?"

"Jidébrouiller! Mutafute njia! Uko Mukongomani ao uko Musuisi?" Nyuma yake watu walikuwa wanacheka na mtu alikuwa anajaribu spika: moja, mbili, moja, mbili.

Wazo la tanuri ya mikate lilikuwa langu. Naliweka hapa wazi kwa sababu mwenye kulaumu wengine aanze na orodha kamili. Karibu na nilipokuwa nikiishi kulikuwa na mwokaji mwenye tanuri kubwa ya matofali, na nilijua kwamba asubuhi, mikate ikishatoka, moto hubaki masaa mengi. Tulikwenda Ijumaa saa mbili, tumebeba vioo katika makarai mawili, kila kimoja kimefungwa alumini. Mwokaji alitutazama. "Munaniletea chupa za kupika? Zinaivaka na chumvi ngapi?" Chumba kilikuwa cheusi kwa masizi, chenye harufu tamu ya mkate. Mabati ya mikate yalikuwa yamepangwa ukutani, yanang'aa kwa mawese yanayopakwa kila siku ili unga usishike. Kasereka alipitisha kidole kwenye jiwe la mdomo wa tanuri, akakinusa, akanionyesha. "Hii four inakulaka mafuta kila siku. Moshi wake ni mafuta."

"Turudi?" niliuliza.

Fundi mwingine angesema ndiyo, angepanda pikipiki, angelala. Lakini yeye alikuwa ameamriwa, alikuwa na watoto watatu, na kulikuwa na orodha ndefu ya vijana waliotaka nafasi yake. "Boti ni Jumamosi," akasema. "Tuingize. Lakini uandike vile iko. Four ya mikate, masaa mane, moto haujulikane. Uandike, ili bakikuta mawese kule bajue yametoka wapi." Niliandika palepale, kaye ikiwa juu ya gunia la unga, neno kwa neno.

Jumamosi ziwa lilikuwa tulivu. Tulishusha chupa ya kuchotea kwa kamba iliyopigwa alama, kisha tukaachia kile kichuma kinachoteleza juu ya kamba kwenda kufunga mlango wake huko chini. Unasubiri, umeshika kamba kwa vidole viwili, mpaka usikie kishindo kidogo kama mtu aliyebisha hodi mbali. Maji ya chini yalipofika juu yalichemka kwa gesi kama bia iliyotikiswa na yakanuka hadi mwenye boti akaziba pua. "Huko chini walipika maharage ya juzi," Kasereka alisema, na alikuwa na furaha. Aliziba kila chupa mwenyewe. Alichukua pia maji ya juu, na maji safi ya kituo, akayachuja vilevile, kwa vioo vilevile vya tanuri ya mikate. Protokoli haikuyataja yale maji safi. "Ni shahidi," alisema. "Kama kioo iko na mawese, hii maji haina kitu kingine cha kusema isipokuwa mawese."

Jumatatu Direkta aliniita ofisini. Ofisi yake ilikuwa na zulia na mapazia yaliyofungwa mchana, na friji ndogo ambayo wiki ile iliendeshwa na gurupe iliyokuwa imerudi tayari. Kaye ilikuwa wazi mbele yake. "Mademoiselle, hii nini? Bazungu bakisoma four ya mikate watatucheka hadi Kinshasa." Hakupaza sauti. Alichukua rula, akaiweka kando ya mshono, akauchana ukurasa taratibu, kama fundi nguo anayegawa kitenge. Akaukunja mara mbili na kuutia mfukoni. Kando ya kaye kulikuwa na faili nyingine, ya manjano, yenye jina langu. Ilikuwa maombi yangu ya bursi, ufadhili wa miaka miwili ya masomo Bujumbura. "Hii nasaini wiki hii," akasema. "Sasa andika upya, muzuri, kulingana na protokoli." Hakunitisha. Nimejaribu kwa miaka mingi kukumbuka tishio ili nijifunike nalo, na silipati. Aliziweka tu karatasi mbili kwenye meza moja, na mimi nikachukua kalamu. Four: 450. Muda: masaa manane. Nilitafuta kalamu ya bluu ileile ili rangi isitofautiane. Nilibandika ukurasa mpya kwa gundi kidogo, nikaukandamiza kwa kiganja mpaka ukanyooka. Kasereka hakuusoma. Hakuwa na sababu ya kuusoma. Mwandishi wa kaye nilikuwa mimi.

Nusu ya mafuta tuliyoyatoa ilikwenda Ulaya, nusu ilibaki katika friza. Barua ilikuja mwezi wa tisa. Sampuli zote, iliandikwa, zimejaa mafuta ya mawese, hazifai kupimwa. Je, vioo vilichomwa kweli? Lilikuwa swali sahihi, na ningependa kuwa na hasira zaidi na yule daktari kuliko niliyo nayo. Direkta alimjibu siku hiyohiyo, akamtumia picha ya ukurasa wangu. Jibu la daktari likawa sentensi moja: kama vioo vilichomwa, basi ni mikono ya mhudumu. Mhudumu. Alikuwa amekaa wiki tatu ubavuni mwa mtu huyo, amefundishwa naye jinsi ya kusimama katika boti bila kuanguka, na hakuandika jina lake wala hakuomba kumwuliza. Hasira yangu kwake inaanzia hapo, na inatosha.

Kasereka hakujua lolote kuhusu picha. Alipoambiwa barua imesema nini, hakushtuka. "Si tulijua? Ile four njo ilifanya. Kaye itasema." Akaenda kwenye friza, akafungua kamba. "Nusu yetu iko. Mawese yanaweza kutoka." Na kwa siku tatu nikamwangalia akifanya kile alichokuwa amejifunza kando ya pipa la Mama Sifa na kukikamilisha katika vitabu: akayapa mafuta yale potashi na methanoli, akayapasha moto ndani ya maji aliyoyaleta kutoka jikoni kwa ndoo, mbali na makaa. Mawese yakageuka sabuni, yakazama na maji. Kilichokataa kuwa sabuni kikapanda juu na kiyeyushi, naye akakinyonya kwa bomba jembamba la kioo, pumzi ameishika. Akadondosha tone la kila sampuli kwenye vigae vitatu vya kioo vyenye unga mweupe, akavisimamisha katika kimiminika kinachopandisha kila aina ya mafuta hadi mahali pake, kisha akavitia ndani ya chupa yenye iodini. Tuliinama wote wawili, vichwa karibu vigongane. Madoa ya kahawia yakaanza kutokea. Yale maji safi, shahidi wake, hayakuonyesha kitu, kivuli tu. Maji ya juu yalikuwa na doa mahali pamoja. Maji ya chini, yale yasiyo na hewa, yalikuwa na doa lake lenyewe, mahali pengine, moja, imara. Na kadiri maji yalivyotoka chini zaidi ya mpaka wa oksijeni ndivyo doa lilivyokolea.

"Ni wao?" niliuliza. Nilikuwa nanong'ona.

"Sijui."

"Lakini papa, angalia!"

"Ninaangalia. Usiandike kama ni wao. Sisi hatuna mashine ya kupima kaboni. Andika tu kama si mawese, na kama haitoki juu. Wale wenye mashine bapime." Akaanza kucheka peke yake, kimya, mabega yakitikisika. "Kavira, mawese yalifunika tu. Hayakuharibu kitu. Tutawatumia hii."

Ndivyo alivyoingia ofisini kwa Direkta kesho yake, na vigae vitatu vya kioo juu ya sinia ya Mama Sifa, kama mtu anayepeleka chai. Nilikuwa nyuma yake. Alieleza vizuri, kwa Kifaransa kwanza, halafu kwa Kiswahili alipoona hasikilizwi. Direkta hakuvitazama vigae. Alisema, "Barua inasema mawese. Yametoka wapi?"

"Kwa four ya mikate, Directeur. Gurupe haikukuwa. Iko kwa kaye."

Direkta akafungua kaye, akaigeuza ili Kasereka aone. Nilimwona akisoma. Alisoma mara moja, akarudi mwanzo wa mstari, akasoma tena, kidole kikiwa chini ya tarakimu. Kisha kidole kikaenda pembeni, kwenye mshono, kikaisikia gundi.

"Mademoiselle Kavira," Direkta akasema, "hii ni mwandiko wako?"

Aliuliza hilo tu. Nikajibu hilo tu. "Ndiyo, Directeur."

Kasereka alinigeukia. Sikuona chuki usoni mwake, na ningeipokea chuki kwa mikono miwili. Niliona mtu anayepiga hesabu na kupata jibu. Akasema polepole, "Basi kama kaye imesema, mikono yangu njo inasema uongo." Akaviweka vigae juu ya meza. Direkta akavisukuma kwa kona ya faili. "Nenda ukanawe hiyo mikono, Papa Mawese," akasema, na akacheka, na mlinzi aliyekuwa mlangoni akacheka. Kufikia saa sita jina lilikuwa limefika jikoni. Mama Sifa alimtupia mlinzi mwiko wa moto, lakini jina halirudishwi kwa mwiko. Kufikia jioni lilikuwa limefika Katoyi.

Wiki ile Kasereka alifukuzwa kwa barua iliyosema "uchafu kazini". Friza niliamriwa kuisafisha mimi. Vichupa vilikuwa kumi na viwili, kila kimoja na karatasi yake kwa mwandiko wake mdogo ulioinama: kina, tarehe, "haikukubali sabuni". Nilivimwaga katika pipa la taka, kimoja kimoja, na kwa kuwa nilikuwa mtu wa utaratibu nilivimwaga kwa mpangilio wa kina. Hadi leo siwezi kusema kama kilikuwa kile tulichokidhania. Huenda wengine wamekipata, wenye majenereta yasiyohudhuria harusi. Sijali. Tungekosea, ningejua. Tungepatia, ningejua. Hatukuruhusiwa hata kukosea.

Bursi niliipata. Nilisoma, nilirudi, nimefundisha kemia miaka yote hii, na kila mwaka nikifika somo la sabuni nalifundisha haraka. Kasereka alihamia Kiwanja, akawa anakusanya maharage kwa wakulima na kuyapakia pikipiki hadi Goma, ambako mkewe alibaki. Nilimkuta sokoni kule mara moja, ameshika mizani, ameota mvi. Alinisalimia vizuri, akauliza habari za watoto. Halafu akauliza, "Bado unaandika muzuri?" Nikasema, "Ndiyo, papa." Akanipimia maharage kilo mbili, akaongeza konzi moja ya bure kama anavyofanyiwa mteja yeyote, akamgeukia mwingine. Nilikuwa na muda wa kusema. Soko lilikuwa wazi, mchana mweupe, na mimi nilikuwa na mdomo.

Kwa hiyo Jumatano ile kicheko kilipopita chini ya hema, niliondoka safu ya nne, nikaenda nyuma ya nyumba walikokaa wanawake kwenye mikeka. Mjane wake, Mama Katungu, alikuwa ameegemea ukuta, miguu ameinyoosha. Nikapiga magoti, nikamwambia yote kwa mpangilio: gurupe, tanuri, ukurasa, rula, kalamu ya bluu, vichupa. Alinisikiliza bila kuniangalia.

"Alijua ni wewe," akasema nilipomaliza. "Tangu siku ya gundi alijua."

"Alisema nini, mama?"

"Alisemaka: mutoto iko na woga, woga itaisha. Mwaka, miaka miwili, mitano. Kisha akaacha kusema." Akainua macho. "Sasa mimi unaniambia ju ya nini? Mimi njo nilimufukuza?" Akaelekeza hema kwa midomo. "Yeye iko pale. Anakunywa chupa ya sukre yetu."

Nilirudi mbele, nikamwomba kijana wa muziki kipaza sauti. Nilisema jina langu na kazi niliyokuwa nikifanya, kisha nikaeleza kwa nini marehemu aliitwa vile. Sikupamba. Nilipofika kwenye ukurasa, Direkta alisema kwa sauti, bila kusimama, "Huyu mama iko na uchungu, mumukalishe." Wanaume wawili wakainuka. Kutoka kwa mikeka Mama Katungu akapiga kelele, "Mumuache!" Wakakaa. Nikamaliza na bursi. Hakuna aliyepiga makofi. Si jambo la kupigiwa makofi. Mjukuu mkubwa, msichana wa miaka kama kumi na sita, alikuwa ameziba mdomo wake kwa mkono wote.

Siku hizi mtu hakai matangani hadi giza, na Direkta alikuwa wa kwanza kuaga. Alinipitia karibu akielekea garini, akasimama, akaegemea fimbo. "Bursi ulikula wewe," akasema. "Si mimi."

"Ndiyo, Directeur. Hata hiyo nimeisema."

Alingojea niongeze neno. Akaingia garini.

Nilitaka nami niondoke. Nakiri kwamba ndani ya hasira yangu kulikuwa na kitu kama nafuu, kama mtu aliyetua gunia. Mama Katungu aliniona, na nadhani aliiona hiyo nafuu. Aliniita kwa kidole.

"Jumamosi tunatoa matanga," akasema. "Wale wa Kiwanja watakuwa wamefika. Wao njo walimuita ile jina miaka yote, na leo hawakukuwa. Utakuja, utasema tena."

"Nitakuja, mama."

"Yote. Kuanzia gurupe."

"Yote."

"Na usilie," akasema. "Leo ulilia kidogo pale mwisho. Ukilia, watakuhurumia wewe."